Mraba Ukijaa, Acha Kushona

Siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno machache. Nikasema asanteni, keki ni tamu, nikakaa. Wengi wenu mlidhani machozi yamenizuia. Ukweli ni kwamba maneno yalikuwa mengi mno na mashine zilikuwa zinangoja. Sasa niko nyumbani Masii, mahindi yameshavunwa, na hakuna kengele ya kuniambia kwamba chai imekwisha. Basi nayaandika kwa ajili yenu mnaobaki kwenye laini za mashine, hasa nyinyi mlioingia juzi mkadhani kiwanda kilizaliwa hivi kilivyo.

Sitaeleza nilivyopanda cheo wala nilicholipwa. Hayo yalinipata kama yanavyompata mtu yeyote anayekaa mahali pamoja muda mrefu.

Niliingia kiwandani Athi River nikiwa na cheti cha ushonaji na kiburi kidogo. Nyumbani nilikuwa nikishona sare za shule, magauni ya harusi, mpaka kanzu ya padri mmoja. Niliijua nguo tangu kitambaa hadi kifungo cha mwisho. Siku ya kwanza nikakalishwa kwenye mashine, nikapewa mzigo wa vipande uliofungwa kwa kamba, nikaambiwa kazi yangu ni mfuko wa kushoto. Wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa na mwenyewe.

Mizigo ile tuliiita mabando. Ilirundikana mbele yangu na nyuma yangu hata sikumwona jirani yangu wa kulia. Kwa wiki za kwanza nilimjua kwa kikohozi. Kiwanda kiliyaonea fahari mabando hayo. Mgeni akija alipelekwa kuonyeshwa ile milima ya nguo, aone jinsi tulivyo na kazi nyingi.

Aliyenifumbua macho ni supavaiza wangu, Mama Ndunge, mwanamke mfupi wa Katangi aliyetembea na mkasi mdogo wa kukatia uzi ukining'inia shingoni kama rozari. Mchana mmoja mashine yangu ilikuwa imeharibika, nami nimekaa namngoja fundi. Mama Ndunge akanishika mkono.

"Mwikali, kuja. Tutembee na suruali."

Alichukua suruali iliyokwisha kazi, tukaanza kurudi nayo nyuma, kutoka kwenye maboksi kuelekea stoo ya vitambaa. Kila tulipofika kwenye rundo alisimama.

"Hapa inafanyiwa nini?"

"Hapa inangoja."

"Na hapa?"

"Inangoja."

"Na hapa?"

"Inakaguliwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huenda iliharibiwa kule nyuma."

Alicheka. "Sasa niambie. Yule mama wa ng'ambo atakayemnunulia mtoto wake hii suruali, analipia nini hapo?"

Nikafikiri. "Analipia kushonwa."

"Nesa," akasema kwa Kikamba. Vizuri. "Na kule kungoja kote, nani analipia?"

Hakukaa kusubiri jibu. Aliniambia kwamba swali hilo aliulizwa na supavaiza wake wa kwanza, na tangu siku hiyo hakuwahi kupata mtu wa kumsaidia kulifanyia lolote. Nilirudi kwenye mifuko yangu ya kushoto, lakini milima ile ya nguo sikuiona tena kama utajiri.

Niwaeleze pia habari ya sindano, kwa sababu leo mnaletewa sindano kwenye kisahani kama mnapelekewa chai. Zamani sindano ikivunjika ulitakiwa utafute vipande vyote, uvibandike kwenye karatasi, utembee mpaka stoo ukaombe nyingine. Njia ya stoo ilipita mbele ya ofisi, na hapo palikuwa na mkubwa mmoja ambaye angekuuliza, kwa sauti ya kusikika na laini nzima, kama wewe unakula sindano. Watu wazima, wenye watoto kidato cha nne, waliulizwa hivyo. Matokeo yake ni kwamba watu walijifunza kuficha. Kipande kikipotea, kilipotea.

Miaka ikaenda. Mama Ndunge alihamishiwa ukaguzi, nami nikapewa laini ya jaketi za watoto. Ndipo akaja Muriithi.

Muriithi alikuwa meneja mpya wa uzalishaji, mtu wa pande za Kirinyaga, mrefu, mpole wa sauti. Wiki yake ya kwanza hakuagiza kitu. Alisimama mahali pamoja katikati ya sakafu, mikono nyuma, akitazama. Kesho yake alisimama mahali pengine, akitazama. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imeenea hadi kantini: huyu ametumwa kuchagua wa kufukuzwa. Neno alilokuja nalo kutoka mafunzoni lilikuwa lean, yaani kazi isiyo na upotevu, lakini sisi tuliiita tu ile kazi ya Muriithi, na tuliiogopa.

Akaanza na usafi. Tulitoa sakafuni kila kisichotumika: mashine mbovu, viti vya miguu mitatu, maboksi ya zipu za oda ambayo hakuna aliyeikumbuka. Tulidhani tumeletewa mfagiaji aliyesoma. Kisha akamwendea Kyalo, fundi wetu wa mashine, mtu wa maneno machache na vifaa vingi, akamwomba atundike spana zake ukutani na kuchora umbo la kila moja mahali pake.

"Spana zangu ziko na sanduku," Kyalo akasema.

"Najua. Leo asubuhi umetafuta moja muda gani?"

Kyalo akamtazama. "Wewe ulikuwa unaniangalia mimi?"

"Nilikuwa naangalia mashine iliyokuwa inakungoja."

Kyalo alichora. Alinung'unika mwezi mzima, halafu akaanza kuwafokea watu wasiorudisha spana mahali pake, nikajua amekubali. Mimi mwenyewe nimejaribu jambo hilo hapa nyumbani. Mume wangu amekataa jembe lake lichorwe ukutani, anasema jembe si marehemu wa kuchorwa na polisi.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Muriithi alichora mraba kwa rangi ya njano kati ya kila mashine na jirani yake, na kusema mabando makubwa yamekwisha. Unashona, unaweka kwenye mraba. Mwenzako akichukua, unashona nyingine. Mraba ukijaa, acha kushona.

"Tuache?" akauliza mmoja. "Tukae tu?"

"Mkae. Au mumsaidie mwenzenu aliyekwama."

Hamwezi kuelewa jinsi lilivyotusumbua jambo hilo. Sisi ni watoto wa shamba, tumelelewa kwamba mikono isiyofanya kitu ni mikono mivivu. Kukaa mbele ya mashine nzima bila kushona, na huku saa inakwenda, ilikuwa kama kuiba. Wengine walishona kichinichini na kuficha vipande mapajani. Nilimkuta mama mmoja, mzee wa kanisa, amekalia jaketi nusu dazeni kama kuku anayeatamia.

Lakini milima ilipoondoka, tulianza kuonana. Na tulipoonana, tuliona kazi inakwama wapi. Ilikwama kwa Syombua.

Syombua alikuwa anaunga kofia na kola ya jaketi. Alikuwa msichana mkimya wa Mwala, mwenye mtoto mdogo aliyemwacha na mamake. Mraba uliokuwa kabla yake ulijaa kila mara, na uliokuwa baada yake ulikuwa mtupu. Zamani tusingejua, maana kulikuwa na rundo la kuficha. Sasa laini nzima ilikuwa inamtazama, naye akawa anashona bila kuinua kichwa.

Yule mkubwa wa ofisini aliposhuka na kuona, alisema neno moja: "Mbadilishe."

Muriithi hakumbadilisha. Aliniita, tukasimama nyuma ya Syombua.

"Anafanya nini kwanza?" akaniuliza.

"Anachukua kofia."

"Halafu?"

Nikatazama vizuri. "Anaigeuza."

"Kwa nini anaigeuza?"

Syombua mwenyewe akajibu bila kugeuka. "Inakuja ikiwa ndani nje, madam."

Tukaenda kwa aliyekuwa kabla yake. Kwa nini unaiweka ndani nje? Kwa sababu inatoka kwenye mashine hivyo. Kwa nini inatoka hivyo? Kwa sababu meza iko kushoto, nikiigeuza nitainuka. Kwa nini meza iko kushoto? Hakuna aliyejua. Ilikuwa kushoto tangu zamani. Kyalo akaja na watu wawili wakaihamishia kulia, na kabla ya chai vipande kwenye mraba vilianza kupungua. Nilimwona Syombua ameshusha mabega.

Nikawa mwanafunzi wa swali hilo. Kwa nini, na tena kwa nini, mpaka ufike mahali pasipo na mtu wa kulaumiwa bali kitu cha kurekebisha. Mkiniuliza nilichojifunza kikubwa kuliko vyote kiwandani, nadhani ni hicho.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyoninyima usingizi. Kazi ilipoanza kutiririka, laini yangu ilitoa jaketi zilezile kwa watu wachache zaidi. Yaani, wengine wakazidi. Muriithi aliniita kando ya mlango wa kupakia mizigo.

"Ofisi inataka wanaozidi waachishwe," akasema. "Wametaja majina. Syombua yumo."

Watu wangu ndio walioonyesha meza zilizokaa vibaya, ndio waliosema ukweli wakiulizwa kwa nini. Walikuwa wamejipunguza wenyewe kwa mikono yao.

"Bwana Muriithi," nikasema, "ukimtoa hata mmoja nje ya geti kwa sababu ya kazi hii, hakuna mtu atakuambia kitu tena. Utauliza kwa nini, na watakuambia hawajui. Mimi pia nitakuambia sijui."

Nilidhani nimevuka mpaka, na nilikuwa na karo ya kulipa.

"Hayo ndiyo nataka kuwaambia huko juu," akasema mwishowe. "Lakini wataniuliza wanaozidi wafanye nini. Niko na haja ya jibu."

Jibu nilikwenda kulitafuta kwa Mama Ndunge kule ukaguzi. Alikuwa anapitisha vidole kwenye mishono huku ananisikiliza, akasema, "Mnataka kuwatoa wazembe. Msiwatoe. Toeni wale wazuri kabisa."

"Wazuri, mwaitu?" nikauliza, nikimwita mama kwa Kikamba. "Laini si itaanguka?"

"Itayumba. Halafu waliobaki watajua kushona. Na wale wazuri wape kazi ya kufundisha, na ya kurekebisha laini zingine. Mtu mzuri hakai bure hata ukimfunga kamba."

Muriithi alilipeleka hilo ofisini. Alikaa huko asubuhi nzima. Tulimwona kupitia kioo, amesimama, amekaa, amesimama tena. Aliporudi kwenye sakafu tai ilikuwa mfukoni.

"Hakuna mtu anatoka," akasema. "Wamenipa mpaka mwisho wa msimu. Isipofanya kazi, mimi ndiye wa kwanza kwenda nyumbani."

Tuliwatoa wazuri. Laini iliyumba, kama alivyosema Mama Ndunge. Waliotolewa walienda kufundisha laini za mashati, wakajidai kidogo, na sikuwakataza. Syombua alibaki kwenye kofia.

Haukupita muda mrefu tukapata oda ya jaketi za watoto wachanga, zenye manyoya laini ndani ya kofia. Kila mashine ilikuwa imewekewa kibendera chekundu cha kuinua mtu akiona kosa. Kikiinuliwa laini yote inasimama. Kusema kweli hakuna aliyekuwa amekiinua kwa jambo kubwa. Kuinua kwa sababu uzi umekwisha ni rahisi. Siku hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya oda, lori limeegeshwa mlangoni na maboksi yamekwisha kupakiwa karibu yote, na meli haingoji mtu.

Syombua akainua kibendera.

Nilikimbia. Alikuwa ameishika sindano kwenye kiganja. Ncha yake haikuwepo.

"Imekatika saa ngapi?"

"Sijui, madam. Ni ncha tu. Mashine iliendelea kushona, nikaona inaruka. Sijui imekatikia jaketi gani."

Jaketi zenyewe zilikuwa na vifungo vya chuma, kwa hiyo ile mashine ya kunusa chuma kule mwisho isingetusaidia. Mahali fulani ndani ya manyoya laini, karibu na shingo ya mtoto ambaye hatutamjua kamwe, palikuwa na ncha ya sindano. Au ilikuwa imeanguka sakafuni. Hatukujua.

Muriithi akaja akitembea, hakukimbia. Kila mtu alimtazama yeye, si sindano. Nyote mnajua kutazama kule. Mtu anataka kujua kama atakachosema mkubwa ni kile alichosema kwenye mkutano.

"Ni wewe umeinua?" akamwuliza Syombua.

"Ndiyo." Sauti ilikuwa ndogo.

"Asante. Umefanya vizuri sana." Akageuka kwetu. "Tunatafuta."

Tulianza kwa sumaku, chini ya mashine, mezani, sakafuni. Hakuna. Kisha tukaziendea jaketi. Kama zingekuwa siku za mabando, ingebidi tufungue kiwanda kizima. Lakini miraba ilikuwa midogo, kwa hiyo jaketi alizogusa Syombua tangu achunguze sindano mara ya mwisho zilikuwa chache, na tulijua zilipo: kadhaa kwenye laini, na zilizobaki kwenye maboksi ya mwisho, ndani ya lori.

Yule mkubwa wa ofisini alishuka. "Nani amesimamisha kazi?"

"Ni mimi," akasema Muriithi.

"Lori likikosa meli?"

"Litakosa."

Tulishusha yale maboksi. Mama Ndunge aliletwa kutoka ukaguzi, akakaa juu ya boksi, akachukua kofia moja baada ya nyingine, akayabana manyoya kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, amefumba macho. Dereva wa lori alizima redio bila kuambiwa.

Ilikuwa kwenye jaketi ya rangi ya maziwa, tayari imekunjwa na kutiwa kwenye mfuko wake. "Aii," Mama Ndunge akasema, akavuta kidole. Palikuwa na tone dogo la damu.

Syombua alilia pale pale. Nilimshika, na mimi pia macho yalinilowa, sitakataa. Kyalo aliichukua ile sindano bila kumlaumu mtu, akaipima, akatuonyesha kwamba ilikuwa nyembamba mno kwa mahali pale ambapo kofia na kola zinakutana na vitambaa vinakuwa vinene. Kwa nini tulitumia nyembamba? Kwa sababu nene zilikuwa stoo, na hakuna aliyetaka kutembea mbele ya ofisi. Kuanzia wiki ile Kyalo alizungusha sindano kwenye laini, mezani kwa kila mtu, na hakuna aliyeulizwa tena anakula nini.

Lori lilikosa meli. Mnunuzi alilalamika, kama alivyokuwa na haki ya kulalamika. Muriithi alimweleza yote, pamoja na ile ncha. Kwa siku kadhaa tulienda kazini tukitembea kama watu wa nyumba yenye mgonjwa. Kisha mnunuzi akataka aelezwe tulivyoitafuta na tulivyoipata, na baadaye oda nyingine ikaja. Haikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Lakini ilikuja, na msimu ukaisha, na Muriithi hakwenda nyumbani.

Sisemi kwamba tulikuwa malaika baada ya hapo. Kuna miezi tulirudia kurundika, hasa oda zilipobana. Kuna meneja mwingine aliyekuja akafuta miraba kwa sababu ilimchafulia sakafu, tukaichora tena alipohama. Mama Ndunge alistaafu, akafungua duka la vitambaa Katangi, na nasikia humwuliza kila mteja kitambaa ni cha nini kabla ya kumkatia. Muriithi alichukuliwa na kiwanda cha maziwa. Alinipigia simu siku moja kuniambia kwamba maziwa hayana subira kama nguo, na kwamba amefurahi sana huko.

Nami nimemaliza. Nimeulizwa na majirani kama siumii kuacha, na huwa nawajibu kwa habari hii ya wiki yangu ya mwisho.

Jumanne nilifika nikakuta meza ya kukatia uzi, ambayo kwa miaka nimeisifu mbele ya wageni kwamba ipo mahali pake hasa, haipo mahali pake. Imegawanywa vipande viwili na kusukumwa kando ya watu wa zipu. Nilikasirika kidogo. Nilimwendea Syombua, ambaye siku hizi anafundisha wageni.

"Nani amewaambia mhamishe?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani amemwambia apumue.

"Hakuna mtu, madam. Tuliona tu."

Nilisimama hapo nikatazama jaketi zikipita. Nilitafuta kosa, na nilitafuta kwa bidii. Ilikuwa bora kuliko nilivyokuwa nimeipanga mimi. Nikachukua pochi yangu, nikaenda kantini kunywa chai, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliinywa mpaka chini ikiwa bado moto.